Keti Kwanza, Uhesabu

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Andiko kuu: Luka 14:28–30
Soma pia: 2 Wafalme 12:4–15, Yeremia 22:13, Marko 6:38–43

 

Jumapili iliyopita niliwaambia kwamba nitahubiri juu ya veranda ya nyumbani kwangu, na wengine wenu mkacheka. Leo mtacheka kidogo, halafu tutanyamaza pamoja, kwa sababu veranda hiyo Bwana aliitumia kunirudi mimi mchungaji wenu.

Wale mmefika kwetu mnaijua. Iko nyuma ya nyumba, sakafu yake ni ya mbao za saiprasi, mita 4 kwa mita 3. Ndipo mama yangu hukaa asubuhi akiota jua na Biblia yake ya maandishi makubwa. Kwa miaka kadhaa hatukuigusa. Vanishi ikaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, mbao zikageuka rangi ya majivu. Kila mwaka nikasema, "Mwaka huu naitengeneza." Si unajua vile huwa tunasema?

Mwezi wa pili nikaamua. Sikuchukua kalamu. Nilipiga hesabu kichwani nikiwa kwa gari: vanishi ya nje lita 4, Sh4,800. Brashi, msasa na tapentaini, Sh1,200. Fundi siku 4 kwa Sh1,500, hiyo ni Sh6,000. Jumla Sh12,000. Mfukoni nilikuwa na Sh7,500. Mama watoto akaniuliza, "Hiyo nyingine itatoka wapi?" Nikamjibu kama mtumishi wa Mungu: "Tunaenda kwa imani."

Wapendwa, ile haikuwa imani. Ulikuwa ni uvivu wa kuketi chini, nikauvalisha suti ya imani.

Yule aliyeanza akashindwa kumaliza

Katika Luka 14 Bwana wetu anauliza swali rahisi. Ni nani kati yenu akitaka kujenga mnara ambaye haketi kwanza akapiga hesabu, aone kama ana vya kumalizia? Maana akiweka msingi halafu akwame, wapita njia wataanza kumcheka.

Mimi niliweka msingi. Fundi alikuja, kijana mwenye adabu. Nikampa Sh1,500 za siku ya kwanza, nikamwambia zingine zitakuja mwisho wa mwezi. Siku 2 akakwangua vanishi yote ya zamani na kupiga msasa. Siku ya tatu akaniita. Akachukua bisibisi, akaichoma kwenye ubao karibu na ngazi, ikaingia kama inaingia kwa keki. Akaniambia, "Pasta, hapa chini pameoza. Tukipaka vanishi juu tutakuwa tunajidanganya. Mbao 7 zitolewe."

Sasa sikieni vile mchungaji wenu alijibu. Nilimwambia, "Nyinyi mafundi mnajulikana. Ulitaka kazi ndogo, sasa unataka kula pesa yangu." Nikaongeza maneno mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Yule kijana hakunijibu. Alikunja vifaa vyake akaenda. Alikuwa amefanya kazi siku 3, nimemlipa siku 1. Nilibaki na Sh3,000 zake, na roho yangu ikaniambia ni haki yangu.

Mvua ya masika ikaja. Mbao zilizokuwa zimekwanguliwa hazikuwa na kitu cha kuzikinga, zikanywa maji kama sponji. Zikaota ukungu mweusi. Majirani wakipita wananiuliza, "Pasta, ile kazi ilifika wapi?" Hapo nikaielewa Luka 14 bila kufungua kamusi.

Halafu asubuhi moja ya mwezi wa nne, jua limetoka kidogo, mama akapeleka kiti chake mahali pake. Mguu wa kiti ukatoboa ubao. Akaanguka. Mungu ni mwema, hakuvunjika mfupa, goti tu lilichubuka. Lakini nilipokuwa nikimwinua niliuona ule ubao. Ni ule ule fundi alichoma bisibisi.

Kijana alikuwa amesema kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nikimdanganya mama yangu.

Jambo la kwanza: lipa deni kabla ya kupanga bajeti

Usiku ule sikuweza kuomba. Nilipiga magoti, Roho Mtakatifu akanipeleka Yeremia 22:13, mahali nabii anamlilia ole mtu anayejenga nyumba yake kwa njia isiyo ya haki, anayemtumikisha jirani bila kumpa ujira. Nimehubiri andiko hilo nikiwalenga matajiri na waajiri wakubwa. Usiku ule lilikuwa linamlenga mtu mmoja mwenye veranda ya mita 4 kwa 3.

Asubuhi nilitafuta Sh3,000, nikaenda kwake mwenyewe. Sikutuma kwa simu, maana dhambi niliyoitenda kwa mdomo ilitakiwa kuombewa msamaha kwa mdomo. Nilimwambia, "Ndugu yangu, ulikuwa mkweli nami nilikutukana. Hizi ni pesa zako, na zimechelewa. Nisamehe." Alinyamaza kidogo. Nilidhani atanikaripia. Akaniuliza, "Pasta, nimesikia mama alianguka. Aliumia?"

Mpendwa, wacha nikuulize. Kuna mtu ulimfanyisha kazi ukakalia pesa yake? Dada wa kufua? Kijana wa bodaboda? Fundi wa cherehani uliyemwambia "nitakutumia kesho," na kesho hiyo sasa ina miezi 5? Usimwandike kwenye bajeti ya mwaka ujao. Hiyo pesa si yako. Zaka unayotoa juu ya mshahara wa mtu mwingine haimfurahishi Mungu. Semeni Amina hata kama inauma.

Jambo la pili: choma bisibisi kabla ya kununua vanishi

Tulipopatana, fundi alinifundisha kuliko nilivyosomea. Alisema hesabu ya mbao haianzii dukani, inaanzia chini ya sakafu. Tulilala chini na tochi tukaangalia mihimili, kama kuna mchwa, kama maji yanatuama. Tukachoma kila ubao, hasa kwenye ncha na kuzunguka misumari, kwa sababu hapo ndipo maji huingia. Mihimili ilikuwa mizima, asante Yesu. Mbao 7 zilikuwa zimekwisha, kama alivyosema.

Ndipo tukaketi, mimi, yeye na mama watoto, tukaandika kwa daftari. Vanishi ya lita 4 ilikuwa bado imefungwa. Kopo liliandikwa kwamba lita 1 inapaka kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Sakafu yetu ni mita 12 za mraba, na inataka mikono 3, hiyo ni mita 36. Kwa hivyo lita 4 zinatosha. Zilizobaki ni hizi, kwa bei tulizopata sisi:

Mbao 7: Sh4,200
Skrubu: Sh800
Msasa mpya, wa kukwaruza na wa kulainisha: Sh900
Dawa ya mchwa na kuoza: Sh1,500
Usafiri: Sh800
Fundi siku 5: Sh7,500
Kibarua siku 2: Sh1,600
Jumla: Sh17,300

Mama watoto akasema, "Ongeza sehemu ya kumi ya yale hatuoni." Tukaongeza Sh1,700. Ikawa Sh19,000.

Angalia kitu hapo. Kile nilichokiona kwanza, vanishi, ndicho kinachong'aa. Lakini zaidi ya nusu ya pesa ilienda kwa mikono ya watu, na nyingine nyingi kwa vitu ambavyo hakuna mgeni atakayeviona: dawa, skrubu, ubao mpya. Bajeti nyingi hufia hapo. Tunahesabu kile watu wataona. Harusi tunahesabu hema na keki, hatuhesabu kodi ya mwezi unaofuata. Chama tunahesabu mkopo tutakaopewa, hatuhesabu kila mwezi tutalipa na nini.

Jambo la tatu: imani inajua kuhesabu

Mtu ataniambia, "Pasta, Mungu wetu hahitaji hesabu." Nenda Marko 6. Watu wana njaa, ni elfu 5 wanaume peke yao, na Yesu yuko karibu kufanya muujiza. Anaanza na nini? Anawauliza wanafunzi wana mikate mingapi, anawatuma wakaangalie. Wanarudi na jibu kamili: mikate 5 na samaki 2. Watu wanaketishwa kwa makundi ya mia na ya hamsini. Baada ya kula, mabaki yanakusanywa, vikapu 12. Muujiza ulihesabiwa mwanzo na mwisho. Kusema ukweli juu ya kilicho mkononi mwako hakumzuii Mungu.

Tena angalia 2 Wafalme 12. Mfalme Yehoashi aliagiza makuhani watengeneze nyumba ya Bwana mahali palipobomoka. Pesa zilikuwa zinaingia. Lakini mpaka mwaka wa 23 wa utawala wake, hakuna kilichotengenezwa! Watu wa Mungu, katika nyumba ya Mungu, pesa ipo, ufa uko pale pale. Kwa nini? Kwa sababu kila pesa ilikuwa inapita bila mahali pake maalum.

Ndipo kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu wanakuja pamoja, wanahesabu, wanafunga mifukoni. Pesa inaenda kwa maseremala na waashi, na kununua mbao na mawe. Na Biblia inawasifu wale wasimamizi kwamba walikuwa waaminifu.

Sisi tulichukua mkebe wa majani ya chai, mtoto wetu akatoboa kifuniko. Kila wiki Sh1,000, na watu wawili wanahesabu, mimi na mama watoto. Ilichukua wiki 19. Kuna wiki tulikosa nyama. Kuna siku niliutazama ule mkebe nikataka kukopa kidogo, na mtoto akanitazama. Mama alikuwa akikaa jikoni asubuhi, hakulalamika hata mara moja, na hilo lilinichoma zaidi kuliko angelalamika.

Mwezi wa tisa, jua likiwa kali na mvua ya vuli haijafika, fundi alirudi. Mbao zilikuwa zimekauka vizuri, maana ukipaka vanishi juu ya unyevu, maji yanafungiwa ndani na vanishi inavimba na kubanduka. Alipaka dawa, akapaka mkono mmoja mwembamba, akaacha ukauke hadi kesho yake, akapitisha msasa laini, akapaka wa pili, halafu wa tatu. Jioni ya siku ya mwisho alilipwa yote. Kwenye mkebe zikabaki Sh600. Hatukuzila. Ndizo mwanzo wa ukarabati unaofuata, kwa sababu vanishi ya nje haidumu milele, na ni nafuu kupaka mkono mmoja mapema kuliko kuanza tena na mbao 7.

Sasa tuje kwako

Kumbuka, Yesu katika Luka 14 hakuwa akifundisha ujenzi. Umati ulikuwa unamfuata, naye akageuka akawaambia wahesabu gharama ya kuwa wanafunzi wake. Hakutaka watu wa kuanza na kelele halafu waache njiani.

Wengine wetu tumekuja kwa Bwana tukitaka vanishi tu. Tunataka kung'aa Jumapili. Lakini chini kuna ubao umeoza: uchungu na ndugu yako wa damu, siri ndani ya simu, mshahara wa mtu uliokalia. Neno la Mungu leo limechoma bisibisi. Usimfukuze fundi kama nilivyofanya mimi. Yule anayekuonyesha palipooza hajaja kukuibia. Na kuna mtu unayempenda ambaye kila asubuhi anaweka kiti chake juu ya ubao huo.

Tuombe

Baba, tusamehe kwa kuuita uvivu wetu imani. Tuonyeshe palipooza, hata kama tutaaibika. Tupe nguvu ya kumlipa tunayemdai msamaha na anayetudai pesa. Tufundishe kuketi, kuhesabu, kuanza na kumaliza. Katika jina la Yesu, Amina.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Ni kazi gani nyumbani kwako ilianza ikakwama? Ketini kama familia muiandike upya yote, pamoja na sehemu ya kumi ya yale msiyoyaona.
2. Kuna mfanyakazi ambaye hajalipwa? Alipwe kabla ya Jumapili.
3. Ni nani alikuambia ukweli ukamwita mwongo? Nenda kwake mwenyewe.