Siku 68 za Profesa Lule

Anayeitazama filamu ya No End in Sight akiwa Moshi asiharakishe kuwacheka Wamarekani. Filamu hiyo ya Charles Ferguson ya mwaka 2007 inasimulia jinsi serikali ya George Bush ilivyoitwaa Baghdad kwa wiki tatu, Aprili 2003, kisha ikaduwaa. Wizara zikaporwa, makumbusho ya taifa yakaporwa, wanajeshi wakitazama. Wizara ya mafuta ndiyo iliyopata ulinzi. Mwezi uliofuata Paul Bremer, msimamizi wa Marekani huko Iraq, akalivunja jeshi lote la Iraq kwa amri moja. Miongoni mwa wanaosimulia ni maofisa waliotumwa na serikali hiyohiyo, na hapo ndipo panapouma.

Sisi wa chini ya Kibo tuna kisa chetu, na kiliwatangulia.

Machi 24, 1979, makundi zaidi ya ishirini ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutana Moshi. Majeshi ya Tanzania yalikuwa yameshaikomboa Kagera kutoka kwa jeshi la Uganda, yameshapita Masaka, yanaikaribia Kampala. Nyerere alitaka Waganda wawe na serikali yao kabla mji haujaanguka, isije ikaonekana tumeteka nchi ya watu. Nia njema kabisa. Ila vita vilianza Oktoba iliyotangulia, na swali la nani atatawala likaja kuulizwa mizinga ikiwa mlangoni. Muda mwingi ukaliwa na ubishi wa nani ana haki ya kuingia ukumbini. Obote, rais wa zamani, aliombwa asije. Watu wake walikuja. Mwishowe ikaundwa UNLF, umoja wa makundi hayo, na uenyekiti akapewa Yusuf Lule, profesa aliyewahi kuongoza Makerere, mtu asiye na jeshi wala chama cha kumtisha yeyote. Ndiyo sifa iliyompa kiti, na ndiyo iliyomponza.

Kampala ikaanguka Aprili 11, na uporaji ukafuata. Lule, sasa rais, akateua mawaziri bila kuliuliza Baraza la Ushauri la UNLF. Baraza likasema Moshi tulikubaliana uulize. Yeye akashikilia kwamba rais ni rais. Juni 20 wakamwondoa.

Akaja Godfrey Binaisa. Mei 1980 akajaribu kumng'oa Mnadhimu Mkuu, David Oyite-Ojok. Wenye bunduki wakamng'oa yeye. Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga, nayo zao la Moshi, ikashika nchi. Hapa ndipo lilipokuwa shimo tangu mwanzo: kati ya wapiganaji wa Kiganda, Kikosi Maalumu kilimtazama Obote, FRONASA ilimtazama Yoweri Museveni, na kila upande uliendelea kuandikisha vijana wake. Kwenye karatasi lilikuwa jeshi moja. Kwangu mimi lawama haiishii kwa Waganda, kwani wenyeji wa mkutano tulikuwa sisi, na silaha zilipita mikononi mwetu.

Huku nyumbani, kwa gharama za vita hivyo, Nyerere alituomba miezi 18 ya kufunga mkanda. Miezi ikapita, foleni za sukari na sabuni zikabaki.

Uganda nako uchaguzi ukafanyika Desemba 1980. Kura zilipoanza kuhesabiwa, Muwanga akajitwalia mwenyewe mamlaka ya kutangaza matokeo, na Obote akarudi Ikulu. Museveni, aliyekuwa makamu wa Muwanga katika tume hiyohiyo, akaivamia kambi ya Kabamba Februari 1981. Vita hivyo vilimfikisha Kampala Januari 1986.