Hajiri Aliulizwa Maswali Mawili

Funueni kitabu cha Mwanzo, sura ya 16, mwangalie ni nani anamwita nani. Katika nyumba ya Abramu yumo mtumwa, mwanamke wa Misri. Sarai akimtaja humwita mjakazi. Abramu naye ni hivyo hivyo. Mwandishi ametuambia jina lake, lakini ndani ya nyumba ile hatusikii kinywa hata kimoja kikilitamka. Anapewa mume bila kuulizwa, anapata mimba, anateswa, anatoroka. Ni huko jangwani, penye chemchemi katika njia ya kwenda Shuri, ndipo malaika anapomwita: Hajiri! Kisha anamwuliza mambo mawili: umetoka wapi, na unakwenda wapi?

Nyuma ya maswali hayo lipo lile ambalo wanadamu wameulizana tangu kale: mimi ni nani? Na majibu yao ni mazito, tusiyapuuze.

Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alichapisha kitabu akieleza jinsi alivyokaa peke yake katika chumba chenye joto huko Ujerumani akitafakari, na jinsi alivyokuja kutia shaka kila kitu, hadi akabakiwa na jambo moja tu: yeye anayefikiri, hakika yupo. Hoja hiyo imetikisa dunia. Lakini nauliza: maneno ya kufikiria aliyapata wapi? Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga. Watu wengine walimnyonyesha, wakamlea, wakamfundisha kusema. Kabla hajasema “mimi”, kuna aliyemwambia “wewe”!

Huko India, karne nyingi kabla ya Kristo, Buddha alifundisha kwamba ukiipekua nafsi huikuti. Utakuta mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya moyo na fahamu, vyote vikipita, wala hakuna hata kimoja cha kukishika ukasema, huyu ndiye mimi. Mimi Mkristo siliungi mkono fundisho hilo lote, lakini naona linavyokata mizizi ya kiburi. Na mwalimu yule hakujikalia kimya na aliyoyaona; alikwenda Sarnath kuwafundisha wenzake watano. Aliikana nafsi, watu hakuwakana.

Nasi Waafrika je? Kasisi John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliandika mwaka 1969 kwamba kwetu mtu hayupo peke yake. Yupo kwa sababu wenzake wapo, pamoja na waliotangulia na watakaozaliwa. Wahenga walikwisha kulisema hilo kwa ufupi: mtu ni watu.

Lakini tusijisifu upesi! Nyumba ya Abramu nayo ilikuwa na watu wengi, na Hajiri aliteseka humo humo. Tunawaita wazazi Baba Fulani na Mama Fulani. Yule ambaye hakujaliwa mtoto tumemwita nani? Mjane anayefukuzwa shambani na shemeji zake, mtoto mwenye ualbino anayewindwa, hao hawamo katika watu? Rwanda, mwaka 1994, kwa muda wa siku mia hivi, watu zaidi ya laki nane waliuawa, wengi wao Watutsi, wengi kwa mikono ya majirani zao, wengine ndani ya makanisa walimokimbilia. Wauaji nao walisema “sisi”. “Sisi” isiyo na nafasi ya mgeni ni panga linalosubiri kunolewa.

Basi sikieni. “Mimi” aliyejifungia ndani amepotea, na “sisi” waliomfungia mwenzao nje wamepotea vilevile. Anayetuokoa ni Mungu aitaye, na anaanza na yule ambaye hakuna aliyemwita. Na Hajiri, ambaye nyumbani hakuulizwa neno, akapata kinywa cha kumpa Mungu jina: Mungu anayeniona. Ndugu zetu Waislamu humkumbuka mama huyo hadi leo, waendapo mbio kati ya vilima vya Safa na Marwa huko Makka.

Kijana unayejitafuta kwenye simu usiku kucha, ukihesabu walioipenda picha yako, inuka! Idadi ile haikujui. Nenda kwa bibi yako, umwulize ukoo wenu umetoka wapi, kisha piga magoti, umwulize Mungu anakupeleka wapi.

Baba, mama, mnaye dada wa kazi anayeamka kabla yenu na kulala baada yenu. Jina alilopewa na mama yake mnalijua? Ametoka kijiji gani? Maishani anataka kufika wapi? Mwulizeni leo, na mkisha kumwuliza, mlipeni mshahara wake kwa wakati!

Nawe uliyemnyang'anya mjane wa ndugu yako shamba, usije madhabahuni na sadaka. Rudisha shamba kwanza.

Na wewe dada unayesoma haya jikoni mwa watu, wewe si mikono ya kufulia tu. Mungu anakuona, naye anakujua kwa jina.

Siku ya hukumu, kama Bwana alivyofundisha katika Mathayo 25, tutaulizwa habari za mwenye njaa, mgeni, mgonjwa na mfungwa. Hakuna atakayeulizwa alijielewa kiasi gani. Muda wa kujibu ni sasa. Ondoka hapo ulipoketi, uende kwa yule uliyemkosea, kabla jua halijachwa. Amina.