Pima Kwanza, Usiongeze Baruti

Somo: 1 Samweli 17:38–40



Huko Marekani wako watu ambao hadi leo hushindana kulenga shabaha kwa magobore, nakala za silaha za vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Mojawapo ni nakala ya Enfield ya 1853, bunduki ya Uingereza iliyotumiwa na pande zote mbili. Kipenyo chake cha asili ni inchi 0.577. Lakini nakala za leo hupishana, na nyingine zina tundu pana kuliko namba iliyochorwa kwenye chuma.

Tofauti hiyo haionekani kwa macho, ila shabaha huiumbua. Risasi ya Minié, iliyobuniwa Ufaransa katika miaka ya 1840, ina uwazi kitakoni. Baruti ikiwaka, gesi huutanua ukingo wa uwazi ule hadi ushike mifereji ya ndani ya mtutu; hapo risasi huzunguka na kwenda sawa. Ndiyo maana walengaji hupenda risasi iliyo ndogo kuliko tundu kwa sehemu moja au mbili tu za elfu ya inchi. Tundu likizidi, gesi huvuja pembeni na risasi huenda ovyo.

Asiyejua hudhani dawa yake ni kuongeza baruti. Kumbe nguvu ikizidi, ukingo ule mwembamba huharibika na risasi hupotea zaidi. Fundi hana haraka hiyo. Huhakikisha mtutu hauna kitu, hupitisha ndani yake kipande laini cha madini ya risasi, hukipima, kisha hutafuta kalibu inayolingana na tundu lile. Mtutu ukiwa mpana kupita kiasi, humpelekea mhunzi wa bunduki autie bomba jipya ndani.

Ndivyo ilivyo katika somo letu: Sauli alimvika Daudi chapeo na dirii yake. Nia yake ilikuwa njema, na vazi lilikuwa la kifalme, lakini halikumfaa kijana yule. Daudi alilivua, akashika fimbo, kombeo na mawe matano. Mungu alimpa ushindi kwa kile kilichomfaa.

Ni mara ngapi tunawavika wenzetu dirii zetu? Mtoto mzito wa kuelewa hupewa kipimo cha dada yake. Akishindwa, tunaongeza fimbo. Mjane aliyefiwa juzi huambiwa ajikaze kama fulani. Akilia, tunaongeza mahubiri. Ndoa ikiyumba, wazee tunakuja na shauri lile lile tulilolitoa kwa wengine, na lisipofaa tunapaza sauti. Hiyo yote ni baruti. Kelele zimeongezeka, moyo haujafikiwa.

Upendo huanza kwa kupima. Kupima ni kuketi, kuuliza, na kusikiliza hadi mwisho bila kukatiza. Bwana wetu alimuuliza kipofu Bartimayo anataka afanyiwe nini, ingawa upofu wake ulionekana na wote. Kama yeye aliuliza, sisi ni nani tusiulize?

Wiki hii, mtafute mtu mmoja ambaye maneno yako yamekuwa hayamfikii. Usimpelekee shauri jipya. Mwulize, umsikilize, na umwombee kwa yale utakayoyasikia. Bwana awape masikio ya subira. Amina.