Tunayaficha mabichi chini ya lundo



Nafundisha Maarifa ya Uislamu sekondari. Wanafunzi wangu wamehifadhi Suratul Mutaffifin, sura ya 83. Uliza makemeo yaliyomo kwa wanaopunja vipimo, mikono yote itakuwa juu. Lakini siku ya mtihani unaokota vikaratasi chini ya madawati.

Mwaka jana nilikabidhiwa klabu ya biashara. Tukafungua kiduka cha kalamu, daftari na karanga. Wanafunzi huuza kwa zamu, fedha huwekwa katika mkebe, na hesabu hufungwa kila Ijumaa baada ya Swala ya Alasiri. Wiki ya tatu zikapungua Sh. 4,500, na kesho yake ndiyo siku ya mkutano wa wazazi. Mkuu wa shule alishaahidi kuwaonyesha kiduka hicho. Nikatoa fedha mfukoni, nikajaza pengo, nikaandika hesabu imetimia. Nilijiambia ni sadaka.

Kijana wa kidato cha pili aliyekuwa na daftari akaniuliza kwa adabu kabisa: "Ustadhi, hii ya kwako tuiandike wapi?"

Sikuwa na jibu.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, vidole vikalowa. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini basi asiiweke iliyolowa juu ili watu waione, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Kulowa kwa nafaka hakukuwa kosa, mvua ni ya Allah (s.w.). Kosa ni kuificha. Nami usiku ule nilijiona ndiye yule muuzaji.

Asubuhi nikachukua fedha zangu, tukafuta mstari, na klabu ikasoma upungufu mbele ya wazazi. Mkuu hakufurahi. Mzazi mmoja akauliza kama tunafuga wezi. Jumatatu vijana wawili wakaja wenyewe: waliwakopesha wenzao karanga na hawakuandika.

Wapo wenzetu wanaotaka klabu ziwe za maonyesho tu, dufu zilie na picha zipigwe. Wengine hupunguza umri wa mchezaji ili kikombe kije shuleni, kisha darasani tunamsomesha kijana huyo huyo alama za mnafiki! Atatuelewaje?

Kiduka bado kipo. Wiki hii zimepungua Sh. 200. Zimeandikwa kwa wino mwekundu, karatasi imebandikwa mlangoni.