Wepesi na Dhamana

Kila kitu kinachoundwa na mkono wa binadamu huchukua mambo mawili: kazi kilichokusudiwa kuifanya, na dhamana ya yule aliyekiunda. Kazi huonekana na watu wote. Dhamana aghalabu haionekani mpaka siku kitu kile kinapovunjika. Muundaji wa chombo cha bahari husifiwa kwa mwendo wa chombo chake katika upepo mwema, lakini hukumu yake ya haki hutolewa na tufani. Basi swali linalostahili kufikiriwa ni hili: muundaji akitaka kazi yake iwe bora kuliko kazi za wenziwe wote, na ubora ule ukapatikana kwa kupunguza kinga ya mtu mwingine, je, ridhaa ya mtu huyo yatosha kumwondolea muundaji lawama?

Mfano ulio wazi wa swali hili umo katika historia ya gari moja la mashindano lenye kiti kimoja, Lotus 72. Liliundwa Uingereza na Colin Chapman, mwenye kampuni ya Lotus, pamoja na Maurice Philippe, nalo liliingia mashindanoni kwa mara ya kwanza Jarama, nchini Hispania, Aprili 1970. Injini yake, Cosworth DFV ya lita 3 na silinda 8, haikuwa siri ya mtu. Timu nyingi zilikuwa nayo. Palipo na nguvu sawa, ushindi hutafutwa pengine, na Chapman aliutafuta katika umbo na katika wepesi. Imani yake ilikuwa kwamba nguvu husaidia zaidi katika njia iliyonyooka, bali wepesi husaidia mahali pote: katika kuondoka, katika kukata kona na katika kusimama.

Kwa imani hiyo lilizaliwa gari lisilofanana na mengine. Magari ya wakati ule yalikuwa na umbo la mviringo, na rejeta ilikaa puani. Hili lilichongwa kama kabari, na rejeta zake mbili zikawekwa ubavuni, ili pua nyembamba ipasue hewa na kulikandamiza gari chini. Badala ya springi za kawaida zilitumika fito za chuma zinazojisokota. Breki za mbele, ambazo katika magari mengi hukaa ndani ya magurudumu, ziliingizwa katika kiwiliwili cha gari, zikaunganishwa na magurudumu kwa shafti. Gurudumu lililopunguziwa mzigo wa breki hufuata mabonde na vilima vya njia kwa urahisi. Na tairi lisilopikwa na joto la breki laweza kufanywa kwa mpira laini ushikao njia vizuri zaidi. Ilikuwa fikra ya werevu mkubwa. Lakini kwa fikra hiyo hiyo shafti nyembamba, ambayo magari mengine hayakuihitaji hapo mbele, ilipewa kazi ya kubeba nguvu yote ya kulisimamisha gurudumu.

Mwanzo wa gari hilo haukuwa mwema. Mpango uliowekwa wa kuizuia pua isiiname wakati wa kufunga breki uliufanya usukani usimweleze dereva habari za magurudumu. Mpango ule uliondolewa, gari likarekebishwa, na Juni 1970 likashinda Zandvoort, Uholanzi. Kisha likashinda Ufaransa, Uingereza na Ujerumani, mara nne mfululizo. Dereva wake alikuwa Jochen Rindt, mzaliwa wa Mainz, aliyepoteza wazazi wake wakati wa vita kwa mabomu yaliyoangushwa Hamburg akiwa mtoto mchanga, akalelewa na babu na bibi yake Graz, na kushindana kwa jina la Austria. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kushinda Monaco katika gari la zamani la Lotus, alama zake zilifika 45.

Rindt hakuwa mtu asiyejua hatari. Mwaka 1969, baada ya mabawa ya magari mawili ya Lotus kuvunjika katika shindano moja la Barcelona na yeye mwenyewe kuumia, alimwandikia Chapman barua. Hoja yake ilikuwa rahisi: magari ya Lotus yana mbio kiasi kwamba yangeweza kuongezewa uzito kidogo, sehemu dhaifu zikaimarishwa, na bado yakashindana. Hata hivyo aliendelea kuyaendesha. Agosti 1970, katika shindano la Austria, shafti ya breki ya mbele ilikatika katika gari la mwenziwe, John Miles. Miles alisalimika. Dalili ya mvua ni mawingu, na wingu hili lilionekana wiki tatu kabla ya mvua. Tarehe 5 Septemba, katika mazoezi ya Monza, Italia, magari yakiwa yamevuliwa mabawa ili yapate mbio zaidi, shafti ya breki ya mbele ya kulia ilikatika katika gari la Rindt wakati anapofunga breki. Gari liligeuka kushoto likapiga kingo ya chuma, na Rindt akafa. Umri wake ulikuwa miaka 28.

Hakuna aliyeweza kuzipita alama zake 45. Jacky Ickx wa Ferrari alikoma kwenye 40, baada ya kijana Emerson Fittipaldi kushinda Marekani, Oktoba, katika gari lile lile la Lotus 72. Rindt akawa bingwa wa dunia ambaye hakuuona ubingwa wake, na kombe alipewa mjane wake, Nina.

Watetezi wa muundaji wana hoja mbili ambazo haifai kuzidharau. Ya kwanza ni ridhaa. Rindt hakulazimishwa; alikuwa mtu mzima, aliyelipwa, aliyeonywa na macho yake mwenyewe. Tena lawama haikuwa ya shafti peke yake: kingo ya Monza haikuwekwa vizuri, na dereva mwenyewe hakuwa amefunga mikanda ipitayo katikati ya mapaja. Hoja ya pili ni kwamba mbio ni hatari kwa asili yake. Anayetaka usalama kamili na akae nyumbani.

Hoja ya ridhaa ina ukweli, lakini ukweli wake una mpaka. Mtu aweza kuridhia hatari anayoijua. Dereva huijua kona, huijua mvua, huwajua washindani wake. Lakini unene wa chuma kilichofichwa ndani ya gari huujua aliyekichora. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa methali imegeuzwa: aliyekilalia kitanda hakuweza kuwaona kunguni, na aliyeweza kuwaona hakukilalia. Ridhaa iliyotolewa katika hali hiyo ni amana, wala si hati ya kumwachilia huru aliyeipokea. Kadiri dereva alivyomwamini zaidi muundaji, ndivyo deni la muundaji lilivyozidi. Ama makosa ya wengine, yaani kingo mbovu na mkanda usiofungwa, hayo hugawa lawama, lakini hayaifuti sehemu ya mtu yeyote.

Hoja ya pili hujibiwa na historia ya gari lenyewe. Kama wepesi ule wa kupita kiasi ungalikuwa sharti la ushindi, gari lililoimarishwa lingalishindwa. Baada ya Monza shafti ziliimarishwa, na gari halikupoteza fahari yake. Mwaka 1971 halikushinda, lakini mwaka 1972 Fittipaldi alishinda nalo mara tano akawa bingwa wa dunia, na ubingwa huo aliuthibitisha Monza ile ile. Mwaka 1973 sheria iliyataka magari yote yawe na ubavu wa kupokea kishindo cha ajali, na uzito wa chini kabisa, uliokuwa kilo 530 mwaka 1970, ukapandishwa hadi kilo 575. Mwaka huo Lotus 72 ilishinda mara saba, zaidi ya mwaka mwingine wowote wa maisha yake. Liliendelea hata mwaka 1975, likiwa na jumla ya ushindi 20 na ubingwa wa waundaji mara tatu: 1970, 1972 na 1973.

Hesabu hii ni ushahidi mzito. Barua ya mwaka 1969 ilikuwa imesema kweli: uzito kidogo uliowekwa mahali pake haukuwa adui wa ushindi. Kilo chache ambazo muundaji mmoja aliogopa kuzibeba peke yake zilibebwa bila taabu zilipowekwa na sheria juu ya wote. Ubora wa Lotus 72 ulikuwa katika umbo lake na mpangilio wake, na haukuhitaji chuma kilichopunguzwa mpaka ukingoni. Mtu alikufa kwa ajili ya kitu ambacho gari halikukihitaji.

Haya hayampasi muunda magari peke yake. Mjenzi hupunguza nondo ili nyumba iishe kwa bei nafuu. Mwenye meli huongeza abiria ili safari ilipe. Na kila mmoja wao hujitetea kwamba walioingia waliingia kwa hiari. Lakini hiari ya anayeingia hutegemea uaminifu wa aliyejenga. Kwa hiyo kabla ya kuondoa kilo moja, muundaji hana budi kujiuliza kama angaliiondoa akijua kwamba yeye mwenyewe, au mwanawe, ndiye atakayeketi katika kiti kile. Akijibu kwa haki, wepesi utakaobaki baada ya jibu hilo ndio wepesi wa halali, na ushindi utakaotokana nao hautakuwa na mjane wa kukabidhiwa kombe.