Zimwi na Kicheko cha Mtoto

Zimwi la ngano za kale liliogopwa. Shrek, zimwi la filamu ya katuni iliyotoka Marekani mwaka 2001, hupendwa. Wapimaji wa filamu wa Uingereza waliiruhusu kwa watu wote. Wenzao wa Marekani waliwatahadharisha wazazi kwa ajili ya mizaha michafu iliyomo. Wote walipima maneno. Swali la maadili ni jingine: mtoto hufundishwa kumcheka nani?

Funzo la hadithi ni jema. Laana inapomtoka binti mfalme Fiona, hubaki na umbo la zimwi, na hupendwa vivyo hivyo. Uzuri wa sura huvuliwa taji, utu ukavikwa. Lakini filamu hiyo hiyo humcheka mtawala Farquaad, si kwa udhalimu wake tu, bali kwa ufupi wake pia. Udhalimu ni tendo lake, kimo hakukichagua. Mtu mzima aweza kuyatenga mawili hayo. Mtoto mdogo huyapokea pamoja, na kesho humcheka mwenziwe aliye mfupi. Wahenga walionya: hujafa hujaumbika.

Je, mtoto anyimwe filamu hii? La. Aliyefichwa dosari hajifunzi kuitambua. Na aitazame, ila karibu yake akae mkubwa atakayecheka naye panapostahili kicheko na kunyamaza pasipostahili, kisha amwulize: kwa nini zimwi lihurumiwe, na mfupi asihurumiwe? Jibu la mtoto ndilo litakaloamua kama filamu ilimfaa.