Nani Ana Haki ya Kumlilia Punda?

Juni 2018, mjini Nakuru nchini Kenya, mtu mmoja alikutwa akichuna paka. Alidai kuwa nyama hiyo amekuwa akiwauzia watengeneza sambusa. Wananchi wenye hasira walimzunguka, polisi wakamchukua. Huku kwetu Elerai, Arusha, habari ilipita kwenye simu kwa mizaha, na kwa siku kadhaa kila aliyenunua sambusa aliipasua kwanza aitazame ndani. Sikumsikia mtu hata mmoja akimsikitikia paka. Hasira yote ilikuwa ya mlaji aliyedanganywa.

Hasira ya namna nyingine huonekana kila Juni kuhusu Yulin, mji wa kusini mwa China wenye tamasha la kula nyama ya mbwa na matunda ya lychee. Wanaopinga si wageni tu. Wachina wenyewe wamewahi kusimamisha malori barabarani na kuwanunua mbwa wasifike buchani. Korea Kusini imekwenda mbali zaidi: Januari 2024 bunge lake lilipitisha sheria ya kukomesha biashara ya nyama ya mbwa, adhabu zikianza mwaka 2027. Hapa hakuna mlaji aliyedanganywa. Anayeliliwa ni mbwa mwenyewe.

Nilipoyaleta haya kwenye semina yetu ya maadili (nasoma shahada ya uzamili), mwenzangu mmoja akaniuliza swali ambalo mtu yeyote wa Arusha angeuliza: "Na wewe Jumamosi ulikuwa wapi?" Nilikuwa Kwa Mrombo, nakula mbuzi choma. Darasa likacheka, nami nikacheka, lakini hoja ni nzito. Mwanafalsafa Peter Singer aliandika mwaka 1975 kwamba kinachohesabika ni uwezo wa kiumbe kuumia, si aina yake. Kwa kipimo hicho mbuzi na mbwa wako sawa, na mwandamanaji mwenye mshikaki mkononi ana kesi ya kujibu.

Sina jibu la kumtoa mtu huyo hatiani. Ila kipimo hicho, pamoja na usafi wake wote, hakinisaidii kuyaelewa maandamano yaliyotokea karibu nasi zaidi, ya watu ambao hawakuwa na nadharia ya kutetea. Walikuwa na punda.

Kenya iliruhusu punda achinjwe kibiashara mwaka 2012. Haikupita miaka mingi yakawapo machinjio manne: Naivasha, Mogotio, Machakos na Turkana. Kilichotakiwa hasa ni ngozi, ichemshwe itoe ejiao, gundi inayotumika China kama dawa na kirutubisho. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima au zaidi, na huzaa mmoja. Machinjio hayawezi kumsubiri. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takribani milioni 1.8, ya 2019 ikahesabu kama milioni 1.2. Bei ilipanda, kisha ukaja wizi: mwenye punda anaamka anakuta zizi tupu, na huko vichakani mzoga umechunwa, nyama imeachwa. Februari 2020 wenye punda waliandamana hadi Wizara ya Kilimo, Nairobi, na waziri Peter Munya akatangaza kuyafunga machinjio. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo. Sisi nasi tulikuwa na yetu, Dodoma na Shinyanga, mpaka serikali ikayasimamisha. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana, huko Addis Ababa, kuipiga marufuku biashara hii barani kote.

Wenzangu walisema maandamano ya Nairobi hayakuwa ya maadili. Yalikuwa ya mali, sawa na ya mtu aliyeibiwa pikipiki. Nakataa, na sababu yangu nimeipata kwa jirani yetu, yeyo mmoja ambaye siku za soko hupeleka mahindi Ngaramtoni kwa punda.

"Yeyo," nilimuuliza, "wakija wa ngozi na laki tatu, utawapa?"

"Halafu maji utabeba wewe?"

"Si utanunua mwingine?"

"Huyu anajua njia. Nikiumwa namtwisha madumu, mtoto anamfuata nyuma, wanafika. Hiyo laki tatu inajua njia?"

Ndani ya jibu hilo faida na heshima hazijatengana, na sioni kwa nini tulazimishe zitengane. Pikipiki haijui njia. Ukishaishi kwa jasho la mwingine, kuna kitu unadaiwa, hata kama huyo mwingine hawezi kukidai. Huruma isiyowahi kuchota maji na mnyama ni nzuri, lakini haina sababu ya kumdharau huyu yeyo.

Deni hili, hata hivyo, lina makali pande zote. Tunasema asante ya punda ni mateke, tunasema haendi bila kigongo, na sijasikia methali inayouliza asante yetu sisi ni nini. Madonda ya migongoni tunayaona kila siku ya soko, huku Sheria ya Ustawi wa Wanyama ikiwapo tangu mwaka 2008. Ng'ombe wa jembe analima misimu kumi, anaishia buchani. Na yule paka wa Nakuru? Huenda alilinda gunia la mahindi la mtu. Kama deni ndilo linalotupa haki ya kulia, basi hata yeye alistahili chozi, na mbwa wanaobweka usiku kucha nyuani mwetu hapa Elerai wanastahili zaidi ya makombo.

Gumu kuliko yote ni punda mzee. Wapo wanaomwachia tu, akaranda kando ya barabara mpaka usiku mmoja gari linammaliza. Nilimuuliza yeyo atamfanya nini wake atakaposhindwa kubeba. Alinyamaza kidogo, akasema atamwacha ale majani pale pale uani. Kisha akaongeza kwamba majani nayo, siku hizi, yananunuliwa.